Finjani Niliyoinywa Mbele ya Ammi Khalfan

Wiki iliyopita nilikwenda Birkat al Mauz kukaa matanga ya Ammi Khalfan, nikarudi Ibra nimepungua. Sisemi nimepungua mwili. Mwili wangu huu haupungui hata ukiuwekea mgomo. Nilipungukiwa na kisingizio kimoja ambacho nimetembea nacho miaka ishirini, au karibu na hapo, kama mzee anavyotembea na bakora yake. Miaka yote hiyo nilijua kwamba Ammi Khalfan alifukuzwa kazi mwaka ule niliokuwa nikisoma masomo ya jioni Nizwa, nilijua kwamba katika kutorudishwa kwake mkono wangu ulikuwamo, na nilijua pia namna ya kujisafisha. Nilikuwa na neno moja tu, "lakini", na lilinitosha. Kwenye matanga, Hamed, mtu wa Nizwa tuliyefanya naye kazi kiwanda kimoja, alinichukulia neno langu hilo mbele ya sinia ya tende, na wala hakujua kwamba ananinyang'anya kitu. Nitaeleza. Ila sina budi kuanza na mwaka wenyewe, kwa sababu ulikuwa mwaka wa raha, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Habari za ukoo wangu, nani alizaliwa Tabora na nani alipanda meli gani, naziruka. Kila nyumba yetu inazo, na zote zinafanana. Inatosha kusema kwamba nilikuja Oman nikiwa mtu mzima, Kiarabu changu ni cha msahafuni tu, na siku ya kwanza kuingia katika sabla ya watu, chumba kile kirefu cha mazulia ambamo wanaume hupokea wageni, nilikunywa finjani kumi na tisa za kahawa. Hakuna aliyenambia kwamba mtu akitosheka huitikisa finjani mkononi ndipo mmiminaji akaacha. Mimi nilimwona anamimina, nikaona adabu ni kunywa. Yeye ananitilia robo ya finjani, mimi naimaliza, yeye anatia tena, basi tukaendelea hivyo kama watu wawili wanaovuta kamba, mpaka mzee mmoja aliyekaa ubavuni mwangu akanishika kifundo cha mkono akakitikisa mwenyewe. "Tikisa, mwanangu," akaninong'oneza kwa Kiswahili. "Mwenzako ana watoto nyumbani wanamngoja." Huyo ndiye Ammi Khalfan, na hivyo ndivyo tulivyojuana. Siku tatu sikupata usingizi. Vijana wa Nizwa wakanipa jina la Bu Finjan, baba wa finjani, nami nikalipenda, nikawa nikijitambulisha nalo mwenyewe.

Kiwanda chetu kilikuwa cha kufungasha tende, nje kidogo ya Nizwa, katika njia ya Birkat al Mauz. Mimi nilikuwa karani wa mahudhurio: nani kaingia saa ngapi, nani katoka, nani kamtuma mwenzake amwandikishe. Ammi Khalfan alikuwa fundi wa mashine ya kutoa kokwa, mashine yenye mlio wa kuamsha wafu na meno ya chuma ambayo hayachagui tende wala kidole. Alikuwa mtu wa Unguja mjini, mwenye Kiswahili kile cha zamani ambacho ukikisikia unataka kuvua viatu. Hakuwa akisema "leta". Akisema "niletee, mwanangu, Mungu akuletee kheri," na ilipofika kheri bisibisi yenyewe ilikuwa imeshafika mkononi mwake. Wafanyakazi wa Kibangali walimwita "Chacha", Waomani wa Nizwa "Ammi", yote mawili maana yake ami, nasi wa bara tukamwamkia shikamoo hata kama tumeshamwamkia mara nne asubuhi ile ile, kwa vile "marahaba" yake ilikuwa tamu.

Mwaka huo sheria mpya ya kazi ilikuwa bado inanukia wino, na wafanyakazi waliruhusiwa kuchagua kamati ya kuwawakilisha mbele ya mwajiri. Kiwandani kwetu walichaguliwa watatu: Hamed, kwa kuwa anajuana na kila mtu hadi na mbuzi wa watu, Ammi Khalfan, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumkataa, na mimi nikawa katibu, kwa kuwa nilikuwa na kalamu. Nami kwa cheo hicho nikajiandikisha masomo ya jioni, mahusiano ya kazini na utatuzi wa migogoro, mara tatu kwa wiki baada ya sala ya magharibi. Chumba cha darasa kilikuwa juu ya duka la mapazia, kina kiyoyozi kimoja kilichotoa sauti tu bila ya baridi, na joto lake ungeweza kukaangia sambusa juu ya meza. Nilisoma mwaka ule mpaka macho yangu yakataka kuunda kamati yao wenyewe. Mwalimu wetu, Ustadh Idris, alikuwa Msudani mrefu, mpole, mwenye tabia ya kufuta ubao kwa mkono wa kanzu. Alitufundisha kwanza kusikiliza. Mtu akija na malalamiko, alisema, usimwulize nani mkosa, mwulize anataka nini kirudi mahali pake. Kisha akatufundisha ngazi: malalamiko ndani ya kampuni kwa maandishi, yakishindikana, idara ya kazi, ambako ofisa huwakalisha pande mbili akajaribu suluhu, suluhu ikishindikana, mahakama. Na kila ngazi ina siku zake. Aliyefukuzwa kazi alikuwa na siku kumi na tano za kupeleka malalamiko yake idarani, na siku ya kumi na sita, alisema Ustadh Idris huku akifuta ubao, haki yake inakuwa kama hii, na akatuonyesha mkono wa kanzu uliojaa vumbi la chaki. Na neno lake jingine nimelibeba mpaka leo: "Ahadi isiyo na tarehe si ahadi. Ni dua."

Alkhamisi mchana nilikuwa nakwenda kula kwa Ammi Khalfan. Mkewe alikuwa akikaa kwa binti yao Maskat na mwanawe Said alikuwa akisoma huko, kwa hivyo alijipikia mwenyewe katika nyumba ya chumba kimoja na ukumbi huko Birkat al Mauz, chini ya mashamba ya migomba, dirisha lake likitazama falaji, mfereji ule wa maji unaogawiwa kwa zamu. Alipika ndizi mbichi kwa nazi ya kopo na papa mkavu aliyeletewa kutoka Sur, na naapa sijala chakula kama kile, wala Sultani hajala. Tukila tukisikiliza ugomvi wa nje, maana wenye mashamba kila wiki waligombea maji. "Zamu yako ilikwisha kivuli kilipofika kwenye jiwe!" "Jiwe lipi? Jiwe hilo umelisogeza wewe!" Kisha husikika bakora ya mzee wa falaji ikigonga sakafu ya mfereji, sauti mbili zinashuka, mtu anacheka, maji yanageuka. Ammi Khalfan akinyanyua kidole chenye mchuzi. "Sikiliza. Dakika saba. Na hawa hawajasoma jioni." Mimi nikimjibu kwamba huo ni mgogoro wa haki, si wa maslahi, na upatanishi wake umefanywa na mtu wa tatu asiyeegemea upande. "Ee," akisema, "kumbe ndivyo anavyoitwa yule? Mimi nnamwita Salim." Akicheka, akiniongeza ndizi. Nilikuwa nikimsomea madaftari yangu yote, naye akiuliza maswali ambayo Ustadh Idris mwenyewe yangemtoa jasho. Mara moja aliniuliza: "Na aibu je? Imo katika ngazi ya ngapi?" Nikamwambia haimo katika mtaala.

Msimu wa tende ulipopamba moto, mudiri, yaani meneja wa kiwanda, kijana aliyesoma ng'ambo na mwenye haraka kama mtu anayekimbiwa na ndege, aliamuru kifuniko cha mashine ya kokwa kiondolewe. Kilikuwa kinakwamisha tende mara kwa mara na kazi inasimama. Kikaondolewa. Siku ya pili mkono wa shati la kijana mmoja wa Kibangali, Shafiq, ukavutwa na meno yale. Shati likararuka mpaka begani, mkono ukapona kwa unene wa uzi. Ammi Khalfan alizima mashine, akachukua kiti cha plastiki, akakaa mbele ya swichi. Mudiri akaja anafoka. Nilikuwepo, na ubao wangu wa mahudhurio nimeukumbatia kama mtoto. "Washa!" "Rudisha kifuniko, nitawasha." "Mimi nakuamrisha!" "Nimesikia, mwanangu. Rudisha kifuniko." Akakaa pale zamu nzima, akanywa maji, akasali kandokando ya kiti, akakaa tena. Kesho yake kifuniko kilirudishwa, na Ammi Khalfan akapewa barua. Iliandikwa kwamba amefukuzwa kazi kwa kuasi amri na kuharibu uzalishaji, na kwamba nakala itabaki katika faili.

Aliniletea barua ile ofisini, kaikunja mara nne kama kitambaa cha mkono. Nikamwuliza kama nilivyofundishwa: unataka nini kirudi mahali pake? Alifikiri. "Kazi nnaitaka, uongo sina. Miaka mitano bado nipate kiinua mgongo, na Said hajamaliza kusoma. Lakini kwanza nnataka karatasi hii ifutwe." Nikamwambia kazi ikirudi karatasi inakufa yenyewe. "Huelewi," akasema. "Mimi nimeshafukuzwa mara moja katika maisha yangu, kule Unguja. Ile haikuwa na barua. Walikuja tu, tukatoka, mlango ukabaki wazi. Na kwa kuwa haikuwa na barua, niliweza kujiambia miaka yote kwamba si mimi niliyekosa. Hii imeandikwa jina langu, Bwana Katibu. Imeandikwa Khalfan ameasi." Nilimpiga bega, nikamwambia asiwe na wasiwasi, kesi kama yake ningeishinda hata nikiwa nimelala. Wallahi ndivyo nilivyosema. Jioni ile ile niliandika malalamiko, nakala tatu, kwa Kiarabu cha mahakamani, na Ustadh Idris akayasahihisha akasema mazuri. Tukayapeleka kwa mudiri, hakuyajibu. Nikataka kwenda idarani. Hamed ndiye aliyesema ngojeni kwanza, mwenye kiwanda anarudi safari, naye ni mtu mzima wa heshima, twendeni sabla kwake tukamwombe uso kwa uso. Akitoa neno lake mudiri atalimeza. Ammi Khalfan akakubali. Mwenye kiwanda alirudi siku ya kumi na mbili. Nikahesabu: bado tuna siku tatu. Karatasi ya idara nikaitia mfukoni imeshajazwa, imebaki sahihi yake tu.

Tulikwenda baada ya alasiri katika gari la Hamed, sisi watatu na wazee wawili wa kiwandani. Njia nzima nilikuwa nikiwafanyisha mazoezi: nani aanze, nani anyamaze, tusitaje mahakama, tusimtaje mudiri kwa ubaya, tumwachie mzee mlango wa kutokea. Hamed alikuwa akiitika "zen, zen" huku akikwepa mbuzi. Kila kitu tulikizungumza isipokuwa kahawa. Nani angefikiri kuzungumza kahawa? Wao walikuwa wameijua kabla ya kujua kutembea. Na mimi, mtu wa finjani kumi na tisa, nilishafundishwa kutikisa, nikadhani elimu yote ya kahawa imeishia hapo. Tulipoingia, Ammi Khalfan akanisukuma juu, karibu na mwenye nyumba. "Kaa wewe," akasema. "Wewe ndiye katibu, wewe ndiye utakayetusemea." Alikuwa kavaa kanzu yake ya Idi. Zulia lilikuwa jekundu, la manyoya mengi hata miguu inazama, na katikati pana sinia ya halwa na tende zetu wenyewe, zile za kiwandani, nikazitambua kwa boksi. Tukaulizana habari, habari za mvua, habari za watoto, habari za safari. Mmiminaji akaja na birika lake. Finjani ya kwanza, kwa vile mimi ndiye niliyekaa juu, akanipa mimi.

Nikainywa. Niliinywa kwa adabu zote, kwa mkono wa kulia, kwa bismillahi, nikasema ina iliki nzuri. Na chumba kikanyamaza. Kimya kile nakikumbuka vizuri, kwa sababu nilidhani ni cha heshima. Nilidhani wananingoja niseme. Hamed alikuwa amenyoosha mkono kupokea yake, mkono ukabaki hewani. Mwenye kiwanda alinitazama, kisha akatazama zulia, na usoni mwake nikaona jambo ambalo wakati ule nililiita ukarimu na sasa naliita nafuu. Kisha Ammi Khalfan akapokea finjani yake. Akaishika kitambo. Akaitazama kama mtu anayesoma kilichoandikwa ndani. Halafu akainywa yote kwa pumzi moja, akaitikisa, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kahawa nzuri, mashallah. Kweli ina iliki." Wengine wakanywa. Mimi nikatoa hotuba yangu, na ilikuwa hotuba ya kumtoa nyoka pangoni. Mwenye kiwanda alinisikiliza mpaka mwisho kwa upole mkubwa. "Karibuni sana," akasema. "Kheri, inshallah. Nitalitazama." Garini niliimba. Wengine hawakuimba, nikadhani wamechoka.

Darasani nikajigamba kwamba mgogoro umekwisha katika ngazi ya chini kabisa, bila ya ofisa, bila ya karatasi. Ustadh Idris akanipa chaki. "Niandikie ubaoni alichosema. Maneno yake, si yako." Nikaandika: Kheri, inshallah, nitalitazama. Wanafunzi wenzangu wakasoma, mmoja akakohoa. Ustadh akayatazama maneno yale matatu muda mrefu, kisha kwa mara ya kwanza hakuyafuta. "Leo ni siku ya ngapi?" akaniuliza. Nikamwambia ya kumi na tatu. "Kesho kabla ya adhuhuri karatasi iwe idarani."

Siku ya kumi na nne nilifika kwa Ammi Khalfan asubuhi, natoka jasho, kalamu nimeshaifungua. Alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nikaweka karatasi mezani nikamwonyesha mahali pa sahihi. Hakuishika. "Nimeshakunywa kahawa yake," akasema. Nikadhani sikusikia. "Ammi, kahawa na idara ya kazi vinahusiana nini?" "Nimekunywa kahawa yake, mwanangu. Siwezi tena kumshitaki." Nikamwambia mwenye kiwanda hajaahidi kitu. "Ndiyo, hajaahidi." Nikamwambia kesho mlango unafungwa. "Najua. Umenisomea." Nilimbembeleza, nilimsomea kifungu, nilimtajia Said na masomo yake, nilimtajia barua na jina lake lililoandikwa. Yeye akimenya, maganda yakianguka ndani ya beseni moja moja. Na ningekuwa mtu, ningemwuliza kwa nini. Ustadh alinifundisha mwaka mzima kuuliza swali hilo. Badala yake nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu kesi yangu nzuri ilikuwa inanifia mikononi, na nilisema neno. Nilisema: "Ndiyo maana kule walikufukuzeni mkaondoka kimya. Mmezoea."

Kisu kilisimama. Nje, kwenye falaji, watu wawili walikuwa wanagombea zamu. Ammi Khalfan aliosha mikono, akaifuta, akafunua sufuria, akapakua sahani moja, akaiweka mbele yangu juu ya ile karatasi. "Kula, mwanangu," akasema. "Umetoka bila ya kufungua kinywa." Na mimi, Mungu anisamehe, nilikula. Nilikula kwa hasira, nikamaliza, nikatoka bila ya kusema shukurani, na karatasi nikaiacha chini ya sahani. Siku ya kumi na tano ikapita. Siku ya kumi na sita ikapita.

Mwenye kiwanda hakulitazama, au alilitazama akaliacha. Mudiri alipata fundi mwengine. Ammi Khalfan alikwenda Sur kwa jamaa za mkewe akapata kazi ya ulinzi kwenye ghala la barafu la wavuvi, na Said akaacha masomo akatafuta kazi. Mtihani wa mwisho wa masomo ya jioni ulikuja na swali la mfanyakazi aliyefukuzwa kwa kukataa amri ya hatari. Niliandika kurasa kumi na moja. Nilikuwa wa kwanza darasani. Cheti hicho ndicho kilichonipeleka Ibra, kikanipa ofisi, kikanipa kiti kinachozunguka, na kwa kiti hicho nimesuluhisha migogoro ya watu mpaka nikastaafu. Mara moja kazi ilinifikisha Sur, nikampitia. Alikuwa kakaa getini kwenye kiti cha plastiki, mlangoni panatoka moshi wa baridi, na alipopaza "marahaba" yake wavuvi wote waligeuka. Akanishika mkono akanizungusha kwa kila mtu aliyepita: "Huyu mwanangu. Msomi wa sheria za kazi." Nilikuja na neno langu la kuomba radhi limekaa mdomoni, likarudi tumboni. Nilijiambia ntamwambia siku nyengine, pasipo watu.

Desturi yenyewe nilikuja kuijua Ibra, baada ya muda, siku nilipomwona mzee mmoja aliyekuja kumposea mwanawe anaiweka finjani yake sakafuni bila ya kuigusa. Nikamwuliza jirani, akanishangaa. Mwenye haja haonji kahawa, akanambia. Anaiweka chini mpaka mwenye nyumba amwambie, kunywa, haja yako imekwisha. Hapo mwenye nyumba amebanwa, hawezi kumwacha mgeni na kahawa inayopoa. Na akinywa kabla? Basi hana haja, kaja kusalimia tu. Hapo hapo nikaliona zulia jekundu, nikauona mkono wa Hamed hewani. Na hapo ndipo nilipolitafuta neno langu nikalipata: lakini. Lakini Ammi Khalfan naye alikunywa! Mwenye haja mwenyewe! Angeiweka yake chini, kosa langu lingefunikwa, wangesema huyu katibu ni mgeni wa bara hajui. Basi alikata tamaa yeye, sikumkatisha mimi. Nimeishi na neno hilo vizuri sana, bwana. Nimenenepa nalo.

Kwenye matanga, katika nyumba ile ile ya Birkat al Mauz alikorudi Ammi Khalfan uzeeni, Hamed, ndevu zake sasa zote nyeupe, alinivuta nikae kando yake. Kiswahili chake cha kiwandani bado anacho, kimechakaa lakini kinatembea. "Bu Finjan," akasema, "siku ile, wewe bado hujui? Wallah hujui?" Nikamwambia najua, desturi naijua. "La, la, desturi kila mtu anajua. Mimi nataka kuweka yangu chini. Wazee wale nao. Sisi wote tayari. Ammi Khalfan akanitazama hivi." Akafumba macho akayafumbua. "Yeye kaona sisi tukiweka chini, wewe peke yako umekunywa, mwenye nyumba atakucheka, watu wote watacheka, wewe katibu. Akanywa. Garini, wewe unaimba, yeye anatuambia kwa Kiarabu chetu cha mtaani, wewe hukijui: mtu asimwambie kijana. Huyu anasoma, akivunjika leo hatasoma tena." Hamed akachagua tende, akaitoa kokwa kwa vidole. "Sisi tukakaa kimya. Miaka yote. Bu Finjan, tukaendelea kukuita, wewe ukacheka. Sasa yeye kafariki, nasema, hakuna tena wa kukasirika."

Said alikuwa akimimina kahawa mwenyewe, kama anavyofanya mtoto wa marehemu, birika mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia. Amekuwa mtu mzima, ana mvi, mikono ni ya baba yake. Aliponifikia alinitilia robo ya finjani. Niliipokea nikaiweka chini, juu ya mkeka. Said alizaliwa Nizwa; hakuhitaji kufafanuliwa. Alisimama. "Ammi, una haja?" Nikamwambia ninayo, ya kuomba radhi. Nikamwambia pale pale, mbele ya Hamed na mbele ya watu, neno nililomwambia baba yake asubuhi ile anamenya ndizi. Nililisema kama nilivyolisema, sikulipunguza. Kwa mara moja katika maisha yangu sikutia chumvi.

Said alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimtazama midomo yake, naingoja ile sentensi, kunywa, haja yako imekwisha, na naamini aliitafuta kweli, kwa kuwa ni mtoto wa baba yake. Kisha akasema polepole, "Ammi, haja hiyo ni ya baba. Mimi sina idhini ya kuimaliza." Akamkabidhi mwenzake birika amalizie mstari, akakaa chini ubavuni mwangu, bega kwa bega, kama alivyokaa baba yake siku ya finjani kumi na tisa. Nje maji ya falaji yalikuwa yanapita, na watu waliingia wakasoma Fatiha wakatoka, wengine wakaja. Mmiminaji alipita mbele yangu mara tatu, kila mara akaitazama finjani, kila mara akaiacha. Ilipoadhiniwa alasiri tukainuka kwenda kusali, nayo ikabaki pale juu ya mkeka, imejaa kadiri finjani ya Oman inavyojaa, na imepoa.